Babu kuzaliwa chini ya Mwingereza hakumpi mjukuu pasi ya Uingereza

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuomba uraia wa Uingereza kwa kuwa babu yako alizaliwa Machakos mwaka 1938, enzi za mkoloni, wazazi wake wakiwa wa hapohapo. Nilisimamia maombi ya mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kenya ya mkoloni, mpaka akapata, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kwa babu yako jibu ni hapana, na ni heri ulijue kabla hujampa dalali hela yako. Ni kweli aliwahi kuwa raia wao. Sheria ya uraia ya 1948, iliyoanza kazi 1 Januari 1949, iliwahesabu wazaliwa wa koloni kuwa raia wa Uingereza na Makoloni. Lakini 12 Desemba 1963 katiba ya uhuru ilimpa uraia wa Kenya papo hapo kila mzaliwa wa Kenya ambaye japo mzazi wake mmoja alizaliwa Kenya, na sheria iliyopitishwa London ikamvua ule wa zamani siku hiyohiyo. Hakuulizwa wala hakutia sahihi popote. Walionusurika ni wachache, kama wale ambao baba au babu yao alizaliwa Uingereza kwenyewe.

Angezaliwa Mombasa au Lamu, hata uraia huo asingekuwa nao. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus, na wazaliwa wake walihesabiwa kuwa watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza tu, sawa na wa Zanzibar na Uganda.

Sasa mama mkwe. Ni Mkachi, kazaliwa Nairobi mwaka 1952, wazazi wote wawili wazaliwa wa Kachchh, India. Dada yake alizaliwa Mombasa, tumbo moja, baba mmoja, akawa mtu wa chini ya ulinzi wa Uingereza tu. Mama mkwe, kwa kuzaliwa Nairobi, akawa raia. Kwa kuwa hakuna mzazi aliyezaliwa Kenya, uhuru haukuwapa uraia moja kwa moja. Walipewa miaka miwili ya kujiandikisha, na baba yao hakuwaandikisha. Machi 1968 bunge la Uingereza likawafungia mlango wenye pasi zake wasiokuwa na mzazi wala babu wa huko. Mwaka 1983 mama mkwe akageuzwa raia wa Uingereza wa ng'ambo: alikuwa na pasi, lakini haikumpa haki ya kuishi Uingereza, wala hakuweza kuwarithisha watoto. Kumfanya binti wa miaka kumi na mitano mgeni kila mahali, pamoja na pale alipozaliwa, ulikuwa udhalimu, na nausema hivyo bila kupepesa.

Mlango ulifunguka 30 Aprili 2003, kwa kifungu 4B cha sheria ya uraia ya 1981. Raia wa Uingereza wa ng'ambo, au mtu wa chini ya ulinzi wa Uingereza, asiye na uraia mwingine wowote, na ambaye hakuuacha mwingine kwa hiari baada ya 4 Julai 2002, ana haki ya kusajiliwa. Fomu ni B(OS). Hakuna mtihani wa Kiingereza, na si lazima awe amewahi kuishi Uingereza.

Jasho liko kwenye kuthibitisha jambo ambalo halikutokea. Tulihitaji cheti chake cha kuzaliwa, pasi zake zote kuukuu, ushahidi wa mahali walipozaliwa wazazi, barua ya ubalozi wa India kwamba si raia wao, na barua ya uhamiaji wa Kenya kwamba hakuwahi kusajiliwa. Msitupe pasi iliyokwisha muda, hata ikiwa imeliwa na mende.

Mke wangu hakupata kitu kupitia mama yake, kwani usajili huo hauwafikii watoto waliokwisha kuzaliwa. Na mzee wa namna hii akichukua uraia wa Kenya leo, njia ya 4B inafungika. Aamue kwanza anataka upi.

Kama upande wa mama yako kuna mzee ambaye wazazi wake wote walitoka nje ya Kenya, andika alizaliwa mji gani na mwaka gani, tulitazame.