Katuni inasaidia, ila si peke yake

Dada, umeuliza kama katuni zinaweza kumsaidia mwanao wa miaka miwili na nusu anayejitupa chini kila akinyimwa kitu, au zinamnyamazisha tu. Zinaweza, inategemea unazitumiaje.

Ukimwashia runinga akiwa analia atanyamaza, lakini hajajifunza kutulia, amesahaulishwa tu. Atazame akiwa ametulia, nawe ukiwa karibu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 2 hadi 6 waliotazama Daniel Tiger's Neighborhood, katuni inayowafundisha watoto wadogo kuhusu hisia. Waliofaidika ni wale ambao wazazi wao walizoea kuzungumza nao kuhusu wanachotazama. Basi mhusika akinuna, mwambie: "Amekasirika, umeona uso wake? Sasa anafanyaje?" Mtoto akijua kuitaja hasira, taratibu ataisema badala ya kurusha vitu.

Chagua kipindi cha mwendo wa polepole, chenye wimbo mfupi unaorudiwarudiwa. Wimbo huohuo mwimbie hasira inapoanza kupanda. Akishalipuka hasikii la mtu. Na mwache arudie kipindi kilekile hata kama kimekuchosha (kitakuchosha!), ndivyo wanavyoshika mambo umri huo.

Muda usizidi saa 1 kwa siku, ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani kwa umri wake. Mtaarifu mapema kwamba kipindi kinakaribia kwisha, la sivyo kuzima runinga kwenyewe kutazua kilio kingine.