Bibi wa Kalenda: Barua kwa Mwanangu Rehema

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaykum. Huku Tandika hatujambo. Mama yako amepona kifua, na kaka yako alirudi salama kutoka Lindi juzi. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Jambo lenyewe si la kuzungumzwa kwenye simu, maneno yanakatika nami nasahau nilipofikia, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Kaka yako ataipiga picha barua hii akurushie.

Umeniambia una oda za kampuni za utalii hapo Arusha na una michoro ya vitabu vya watoto, na hizo ndizo zinazokulipia kodi na chakula. Lakini zile picha za bibi yako akisuka ukili wa mkeka, ambazo ndizo unazoziota, umefikisha nne tu kwa miaka miwili. Ukaniuliza kama uache oda zote kwa miezi sita uzimalize. Halafu ukasema, "Baba, wewe uliwezaje?"

Sikuweza, mwanangu. Umekua ukiona vidole vyangu vina rangi kila siku ukadhani baba yako alikuwa anachora ya kwake. Nilikuwa naandika BUCHA na SALUNI na MSOSI TAYARI. Kazi ile niliipenda na bado naiheshimu. Ila ile niliyokuwa nayo moyoni niliipoteza, na nataka ujue ilipoteaje, kwa sababu haikupotea kwa kukosa muda kama unavyodhani.

Nilifika Dar mwaka 1979, nikajifunza kwa fundi mmoja Kariakoo. Miezi ya kwanza sikushika brashi. Nilipiga msasa mbao, nilivuta uzi wa chaki, nilichora miraba ukutani ili picha ndogo ya kwenye karatasi ikue bila kupinda. Miaka ile ya mwanzo ya 1980 rangi madukani hakuna. Tulikuwa tunakwenda gereji kuomba masalio ya rangi za magari, tunachanganya, tunapata kijani ambacho hakina jina. Fundi wangu alinifundisha kuegemeza mkono kwenye kijiti, na kuandika herufi kubwa asubuhi tu, kwa sababu mkono wa jioni umeshachoka na mstari unatetemeka hata wewe mwenyewe usipouona.

Vipande vya hadibodi vilivyobaki nilikuwa naenda navyo Feri, Magogoni, alfajiri, kabla ya kufungua kazi. Nilichora kina mama wanaosubiri kuvuka kwenda Kigamboni na mabeseni yao matupu, na wale wanaosubiri samaki washuke. Walikuwa wamekaa tu. Mtu anayesubiri ana uso ambao hauna habari na wewe, nami uso ule niliupenda sana. Nilifanya hivyo miaka kama minane bila kumwonyesha mtu. Rangi ilikuwa ile ile ya mabango, hata brashi ni zile zile.

Mwaka 1991 mteja mmoja alikuja kwangu kufuata bango akaziona zimeegemezwa ukutani. Alitaka kumi na mbili kwa ajili ya kalenda ya kampuni yake, moja kwa kila mwezi. Pesa aliyonipa ndiyo iliyoezeka nyumba hii. Bati ulilolala chini yake tangu unazaliwa ni bati la Feri, na sitajuta kuwaezekea wanangu. Nilisaini karatasi moja ya Kiingereza ambayo sikuielewa vizuri, nikampa na picha zenyewe.

Mwaka uliofuata akarudi. Anataka nyingine kumi na mbili, ila safari hii kina mama wawe wanacheka, kanga ziwe mpya, mabeseni yawe na samaki. Nikafanya. Mwaka wa tatu nikafanya tena. Mwaka wa nne kalenda ikaacha, kampuni ilipata picha za kamera, nami nikasema sasa nitarudi kwenye zangu. Nikaenda Feri alfajiri na kipande changu cha hadibodi. Nikamtazama mama mmoja amejiinamia, kanga yake imefifia, nikaanza kuchora. Nilipomaliza nikaona nimemchekesha. Mkono ulikuwa umemchekesha wenyewe. Nikajaribu kesho yake na keshokutwa yake, na mwezi mzima. Nikaacha.

Hicho ndicho nilichotaka kukwambia kuhusu miezi sita unayoitaka. Muda peke yake hautakusaidia. Mimi niliupata huo muda, na kwa wingi. Fleksi zilipoingia mjini, mtu akawa anachapiwa bango kwa mashine kwa bei ambayo mimi sinunulii hata rangi, nikakaa zaidi ya nusu mwaka bila oda ya maana. Kila asubuhi nilikuwa huru. Sikuchora hata picha moja ya kwangu. Nilikaa barazani nikiwaza ada yako na ya kaka yako, na nikishika brashi nawaza ni nani angeweza kuinunua hii. Mtu mwenye njaa humfikiria mteja hata pale ambapo hakuna mteja. Kwa hiyo usiache oda zako, Rehema. Ukiacha kipato chote kwa ajili ya picha za bibi, utazibebesha picha za bibi kodi ya nyumba, nazo hazina mabega hayo.

Na usiwasikilize wanaosema kuchora kwa pesa ni kujidhalilisha. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza mnamo mwaka 1968 na vipande vya silingi bodi vya sentimita 60 hivi kila upande, akapaka rangi ya baiskeli kwa sababu ndiyo aliyoweza kuipata, na picha zikauzwa pale nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alikuwa anatafuta mkate. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, hakufikisha hata miaka mitano ya kuchora, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji. Mzee George Lilanga, yule mchongaji na mchoraji wa mashetani, alianza kwenye kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa hapa Dar akiwa mlinzi. Mshahara wa ulinzi haukumharibia mashetani yake. Wakati mwingine nafikiri ulimlinda, maana mlinzi hakuna anayemwambia achonge nini.

Hapo ndipo penyewe. Mlinzi hauzi jicho lake. Sisi tunaochora matangazo tunauza mkono, na mkono haukai mbali na jicho. Ukimchorea mtu simba mwenye manyoya yanayong'aa mara hamsini, mara ya hamsini na moja simba yeyote utakayemwona ataanza kung'aa. Ndiyo maana nakuomba uziweke picha za bibi mahali ambapo mteja hafiki. Naomba unielewe kwa maana ya kawaida kabisa. Kazi za watu unazifanya kwenye kishikwambi, na kalamu yake ile ya plastiki. Basi za bibi zisipite humo. Chora kwa makaa, kwa rangi, kwenye karatasi au hadibodi, chombo kingine kabisa, ili mkono ujue umeingia chumba kingine. Mimi nilitumia brashi moja kwa yote mawili, na naamini nilikosea hapo kabla hata yule mteja hajaja.

Tena usizirushe mtandaoni zikiwa nusu. Najua rafiki zako wote wanarusha. Lakini ukirusha, watu watapenda moja kuliko nyingine, nawe utaifuata ile waliyoipenda bila kukusudia. Na usiziweke kwenye mkusanyiko unaowaonyesha wateja. Siku moja mtu wa hoteli ataona ile mikono ya bibi atasema anataka kama hiyo, ila mkeka uwe na rangi za nembo yao. Utakuwa na deni siku hiyo, kama mimi nilivyokuwa na nyumba bila bati.

Akija na pesa ya kweli baada ya kazi kukamilika, hilo ni jambo lingine, uza. Ila uza ukijua unachouza. Iandikwe kwamba anachapa kwa matumizi gani na kwa muda gani, na picha yenyewe ibaki kwako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda wewe uliyechora maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, na ofisi ya COSOTA, inayosimamia hakimiliki nchini, ipo, waulize kabla hujasaini. Wale kina mama thelathini na sita wa Feri wangekuwa wenu, wewe na kaka yako. Niliwauza kwa karatasi moja. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika humu.

Sasa muda. Uliniambia huwa unachora za bibi usiku ukimaliza za watu. Usiku ni masalio. Unampa bibi yako ukoko. Mpe alfajiri: ukishaswali, kaa mpaka saa mbili, siku tatu tu kwa wiki, simu iwe chumba kingine. Wateja wa Arusha hawaamki kabla ya saa mbili, na hata wakiamka hawatakufa kwa kusubiri.

Na kuhusu oda, sijakwambia usipunguze. Huyo wa mabango ya safari uliyenilalamikia, anayerudisha mchoro mara tisa, mara twiga asogee, mara mlima ukue, hesabu saa anazokula, kisha gawanya anacholipa kwa saa hizo. Nina hakika analipa chini ya wale wa vitabu, ila kwa kuwa jina lake ni kubwa hujawahi kuhesabu. Huyo mwache. Wengine waambie nusu kabla ya kuanza na marekebisho mawili, la tatu lina bei yake. Fundi wangu hakuwahi kuchovya brashi bila nusu mkononi, na hakuna mteja aliyemkimbia kwa hilo.

Vitabu vya watoto usiviache kabisa. Nilichora vichache mimi mwenyewe miaka ya tisini, wino mweusi tu, hakuna rangi, ukurasa mdogo, na mtoto wa darasa la pili aelewe kwamba yule ni mbuzi na si mbwa. Kazi hiyo inakufundisha kutoa. Kwenye picha yako ya pili ya bibi umechora mkeka wote, jamvi, kuta, sufuria za nyuma, mpaka mikono imepotea. Yule Rehema wa vitabuni angechora vidole, bakuli la maji na ukili unaoshuka, basi.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Hiyo picha yako ya nne niliipokea nikafurahi, nikamwita mama yako. Rangi ni nzuri, mwanga umekaa vizuri begani. Halafu usiku nikaifungua tena. Rehema, bibi anacheka. Anatutazama na anacheka.

Mama yangu namjua miaka yote hii. Akisuka hacheki na hamtazami mtu. Mdomo anaufumba, maana mara kwa mara kuna uzi wa ukindu ameubana kwa meno. Macho yako kwenye ukili, anahesabu, na ukimsalimia unasubiri mpaka amalize mkunjo ndipo akuitikie. Utotoni nilikuwa nakaa mlangoni Kivinje nikisubiri salamu yangu ijibiwe. Huyo uliyemchora ni bibi wa kalenda, nami namtambua kwa sababu nilimchora kabla yako mara ishirini na nne. Picha zako tatu za kwanza hakuwemo. Ya nne umeichora mwezi ule ule uliokuwa na brosha za hoteli, na sidhani ni bahati mbaya.

Sikusemi, mwanangu. Mimi nilikuja kuuona ule mcheko baada ya miaka mitatu na sikuwa na wa kuniambia. Wewe umeuonyesha kwenye picha moja tu. Usiifute na usiigeuze, iweke kando kama ilivyo, kisha anza ya tano.

Nimeongea na bibi. Ameshachemsha ukindu wa rangi, zambarau na kijani, umekauka, na anasema mvua za masika zikikatika ataanza kusuka mkeka wa harusi ya binamu yako. Kusuka ukili peke yake kutamchukua wiki nyingi, ndipo aje kushona. Chukua wiki mbili tu, si miezi sita, uende Kivinje ukae naye. Kishikwambi kiache Arusha. Nimekukatia vipande sita vya hadibodi, nimevipiga msasa na kuvipaka rangi ya kwanza mwenyewe, na nimeweka brashi mbili ambazo hazijawahi kuandika bango lolote. Vinaondoka na basi la Alhamisi alfajiri. Konda nitampa namba yako, mwulize kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba ya katani, na ukague pembe kabla hajaondoka, maana zikigongwa hadibodi hupasuka kama biskuti.

Ukifika kwa bibi, msalimie ukae chini usubiri.

Baba yako