Rada haingoji jua
Ndugu yangu, umeuliza kama setilaiti ya kijeshi inaweza kuuona mtumbwi ziwani usiku wa mawingu. Ya rada inaweza. Haingoji jua: inapiga mawimbi ya redio yenyewe, yanapenya wingu, kisha inapokea mwangwi. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi pembeni, kwa hiyo ziwa hutoka jeusi. Jiwe la Bismarck, lile mwamba wa ziwani hapa Mwanza, na boti ya chuma hung'aa. Mtumbwi wa mbao hurudisha kidogo, na upepo ukichafua maji unaweza kupotea kabisa. Zile taa za wavuvi wa dagaa tunazoziona usiku kutoka Capri Point, rada haioni mwanga wake hata mmoja! Wajerumani walirusha setilaiti 5 za rada za namna hii, ziitwazo SAR-Lupe, kati ya 2006 na 2008, na picha zake hutenganisha vitu vilivyoachana chini ya mita 1.