Kwa mnaoanza kutundika maonesho ya picha huku Mtwara

Mgeni akiingia kwenye maonesho ya picha zisizo na sura ya mtu wala mandhari, ataangalia kidogo, kisha atakugeukia: "Hii ni picha ya nini?" Vijana wengi wanaoanza kazi hii hulichukia swali hilo. Wanaona muulizaji hajui sanaa, basi wanammwagia falsafa: inaonesha upweke, inaonesha safari ya nafsi. Mzee wa watu anaitikia kwa adabu, anaaga, anakwenda zake kununua dafu. Ushauri wangu mkubwa ni huu: mweleze picha ilivyotengenezwa. Maana ataitafuta mwenyewe, na mara nyingi atakupa nzuri kuliko uliyoiandika ukutani.

Anza na picha za bluu, zile za sayanotaipu. Njia hiyo aliibuni John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kutoa kitabu cha picha za mwani wa kwao. Kamera hakuigusa. Alilaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaianika juani, akaisuuza kwa maji. Simulia hayo kwenye pwani hii yenye wakulima wa mwani, uone kama kuna atakayekumbuka dafu.

Ukiweza, weka meza nje mgeni ajionee. Karatasi iliyopakwa dawa huwa ya kimanjano-kijani. Laza jani la mkorosho, bana kwa kioo, acha jua lifanye kazi. Rangi inaingia giza, halafu inafifia kuwa ya kijivu hivi, na wageni wanadhani imeharibika. Itie majini: dawa ya njano inatiririka, palipopigwa jua panabaki bluu, jani linabaki jeupe na kingo zake zote. Hadi kesho yake bluu itakuwa imekolea zaidi. Dawa zenyewe ni mbili, feriki amonia sitrati na potasi ferisianidi. Hiyo ya pili iwe mbali kabisa na asidi kali, maana zikikutana inaweza kutoka gesi ya sumu. Watoto walaze majani tu. Kupaka karatasi ni kazi yako, ndani, kwenye mwanga hafifu, na glavu mkononi.

Sasa ukuta. Nyumba za kale za Mikindani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipiga msumari, lipu inamomonyoka na shimo linazidi kupanuka, na mwenye nyumba anakutazama. Usitoboe. Funga ubao au bomba juu, karibu na dari, ushushe waya, tundika fremu hapo na uzisawazishe kwa pimamaji. Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui: bluu ile huharibiwa na vitu vya jamii ya magadi, sabuni ya unga, na chokaa yenyewe. Gundisha vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma ya fremu, picha isilale ukutani na hewa ipite. Na fundi wako wa fremu akikusifia kadi ya kuwekea picha "isiyo na asidi", muulize kama imetiwa chokaa. Kadi nyingi za namna hiyo hutiwa, na kwa picha nyingine ni nzuri sana, ila kwa hizi hapana.

Mwanga ni ugomvi wa kila siku. Makumbusho nyingi huweka kazi za karatasi kwenye mwanga wa luksi 50 hivi, ambao ni hafifu kweli. Mtu anayetoka kwenye jua la Shangani, mtaa wa pwani hapa Mtwara, ataona kaingia ghalani. Mpe kijia chenye kivuli macho yazoee kabla hajafika kwenye picha. Programu ya simu ya kupimia mwanga haina uhakika sana, lakini itakuonya dirisha linapozidisha. Dirisha la kutazama bahari ni la kunywea chai, si la kutundikia picha. Sayanotaipu iliyopauka ukiifungia gizani hurudisha rangi kiasi. Picha za rangi za kawaida zikipauka ndiyo basi.

Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili. Hewa ikipita asilimia 65 ya unyevu, kuvu hujipatia makazi. Acha feni izunguke, na picha isiguse kioo cha fremu, kwa sababu zile zenye utando wa gelatini juu ya karatasi hunata na hazibanduki salama.

Kuna watakaokwambia watu wa kusini hawajazoea sanaa isiyo na sura. Mimi hucheka. Huku ni kwa Wamakonde. Mtu aliyekulia akiona kinyago cha shetani chenye jicho moja na mguu ulioota pasipo pake, au vile vya mtindo wa mawingu ambavyo ni mikunjo na matundu matupu, ana nini cha kuogopa kwa Man Ray? Huyu alikuwa Mmarekani aliyeishi Paris, na mwaka 1922 alianza kupanga vitu vya nyumbani juu ya karatasi ya picha na kuvimulika, basi. Hata George Lilanga, msanii wetu wa Tanzania, mashetani wake wa rangi kali walitoka kwa Wamakonde hawahawa.

Kwa hiyo maelezo ya ukutani yawe mafupi, ya Kiswahili, herufi zisomeke na mtu aliyesahau miwani. Mfano: "Jani la mkorosho. Karatasi ya dawa ya chuma. Dakika kumi juani, saa sita mchana, Mikindani." Jina la msanii na mwaka vifuate. Likibaki neno ambalo shangazi yako hangelielewa, lifute.

Siku ya kushusha ndiyo siku ya lawama, kwa hiyo jikinge mapema. Kila kazi inapoingia ipige picha mbele na nyuma, andika kila doa na kila mkwaruzo, mwenye kazi asaini na wewe usaini. Wakati wa kurudisha fungueni karatasi hiyohiyo mkiwa wote wawili, kabla fremu haijapakiwa kwenye bajaji.