Betri Ni Mpya, Mbona Umeme wa Gari la Kuishi Hautoshi Usiku?

SWALI: Mhariri, gari langu la kuishi lina betri mbili, moja ya kuwashia injini na nyingine ya kuhudumia taa, pampu ya maji na friji. Hii ya pili niliibadilisha hivi karibuni. Hata hivyo, kila pampu inapoanza kufanya kazi taa hufifia, na friji hujizima usiku wa manane ingawa gari limeshinda safarini. Fundi ananishauri ninunue betri nyingine. Je, nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue kitu chochote kabla ya kupima. Betri dhaifu inaweza kuleta dalili hizo, lakini huenda pia umeme wako unapotea njiani, kwenye nyaya na viungio, na hilo halitibiwi kwa betri mpya.

Katika mfumo wa volti 12 upotevu mdogo huwa na madhara makubwa. Friji ya wati 60 inayotumia umeme wa volti 240 huvuta robo ya ampea tu, ilhali ya volti 12 huvuta ampea 5, na kadiri ampea zinavyoongezeka ndivyo waya mwembamba au kiungio chenye kutu kinavyozidi kula volti. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.7, na ikibaki nusu husoma takriban 12.2. Tofauti hiyo ni nusu volti tu, kiasi ambacho kiungio kimoja kibovu kinaweza kukipoteza.

Chukua multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Iache betri saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, kisha uipime kwenye ncha zake. Baada ya hapo washa taa na pampu, upime tena kwenye betri, halafu pale nyaya zinapoingia kwenye pampu. Ikiwa betri inasoma 12.4 na pampu inapata 11.3, betri haina kosa. Vifaa vikiwa bado vinafanya kazi, weka ncha moja ya kipimo kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha chasisi: ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, waya wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na chasisi, haujashika vizuri. Mimi ningeanza hapo, kwa sababu mara nyingi waya huo hufungwa juu ya rangi au kutu. Kagua pia kishikilia fyuzi kilichobadilika rangi kwa joto. Kabla ya kufungua na kusafisha chochote, ondoa kwanza waya hasi wa betri.

Suala la kuchaji lina uzito uleule. Injini ikinguruma, betri ya pili inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.4, ikibaki 12.6, umeme wa alteneta, yaani jenereta inayoendeshwa na injini, hauifikii, na hapo kagua rilei, swichi ya umeme inayounganisha betri hizo mbili, pamoja na fyuzi zake. Katika baadhi ya magari mapya alteneta hupunguza volti yenyewe mara betri ya injini inapojaa, hivyo betri ya pili huhitaji chaja yake maalumu inayopandisha volti. Betri ya risasi inayokaa wiki nyingi bila kujaa huota fuwele za salfeti kwenye sahani zake na kupoteza uwezo, na kwa hiyo hata hiyo mpya uliyonayo inaweza kuwa imeanza kuharibika kwa kasoro ileile ambayo huenda iliiua ile uliyoibadilisha.

Ukigundua kwamba waya ni mwembamba, weka mnene zaidi. Kamwe usikubali kuwekewa fyuzi kubwa ili isiungue, kwa maana fyuzi ipo kuulinda waya, na waya uliozidiwa unaweza kuwasha moto ndani ya gari mkiwa mmelala.