Mkuu, USITOE THEMOSTATI

Weka spana chini kwanza. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma swali lako mara mbili. Gari la zamani la kabureta, hedi (kichwa cha injini) ulishaikwangua kuongeza kompresheni, sasa umefunga mfumo wa gesi asilia na kila ukipanda mlima linachemsha. Unauliza kuhusu rejeta (kipoza maji) kubwa, feni ya umeme, plagi, na sijui nini tena. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Fundi kasema kesho anaitoa themostati." Chai ikanipalia hapo hapo. Themostati ndiyo valvu inayofungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata joto.

Mimi hayo maneno niliambiwa. Gari kama lako, uchokozi kama wako. Siku chache baada ya kufunga gesi mshale ulianza kupanda kwenye milima, nikarudi kwa yule aliyenifungia. Hakushika hata hosi moja. Akasema, "Themostati hii inabana maji tu, ni urembo wa kiwandani." Akaitoa, akanipa mkononi kama jino lililong'olewa. Mimi nikashukuru! Nikampa na ya soda!

Kwenye barabara tambarare mshale ulilala chini kabisa, nikajiona nimepona. Kumbe injini ilikuwa haipati joto la kutosha. Na wewe unayetumia gesi joto hilo unalihitaji: gesi inatoka kwenye mtungi ikiwa na presha hadi bar 200, na ikitanuka ndani ya ridyusa, kifaa cha kupunguza presha hiyo, inapoa vibaya sana. Ndiyo maana maji ya moto ya injini yanapitishwa pale. Asubuhi ridyusa yangu ilikuwa inaota barafu, gari linakohoa kama babu mwenye pumu. Fundi akasema litazoea. Litazoea! Kwani ni ndoa?

Halafu mlima mrefu ukafika. Sikiliza hapa, maana hapa ndipo pesa zangu zilipoishia. Injini nyingi zina njia ya mchepuko ya maji, na themostati ya injini hizo ina kisahani cha chini: ikifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, kisahani kinaziba mchepuko. Ukiitoa, mchepuko unabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi kwenye injini bila hata kuiona rejeta. Kwa hiyo kifaa "kinachobana maji" ndicho kilichokuwa kinayasukuma yote yakapoe. Tambarare unaganda, mlimani unaiva.

Mshale ukapanda hadi karibu na nyekundu. Nikakaza roho, kilele kiko pale. Ghafla ukashuka wenyewe. Nikapiga usukani kwa furaha, nikaongeza mafuta. Naam, niliongeza mafuta. Mshale ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha, na kipima joto kisipozama kwenye maji kinasoma uongo. Kilichonisimamisha ni injini yenyewe: ilinoki (iligonga kwa ndani) mara mbili tatu ikazima, na moshi mweupe ukajaa nyuma.

Gasketi ya hedi iliungua kati ya silinda mbili. Hedi ni ya aluminiamu, ilipinda. Fundi wa mashine aliweka rula ya chuma juu yake, filagaji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya 0.3 mm ikapita chini kama barua chini ya mlango. Kitabu cha injini ile kinaruhusu mm 0.05. Na kwa kuwa hedi nilishaikwangua zamani ili nijisifu, hapakuwa na nyama ya kukwangua tena. Hedi nyingine, gasketi, valvu, na mwezi mzima wa kupanda daladala nikiwa na funguo za gari mfukoni. Yule mfungaji wa gesi nilipompigia akaniambia gesi "haitaki injini za zamani". Bado namdai ile soda.

Sababu yenyewe ya kuchemsha tangu mwanzo ilikuwa nini? Ridyusa ilifungwa juu kuliko mdomo wa rejeta, hewa ikanasa humo na maji hayakuzunguka vizuri. Halafu taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, iliachwa ya petroli. Gesi asilia inaungua polepole kuliko petroli; cheche ikichelewa, moto bado unawaka valvu ya moshi inapofunguka, na joto linaishia kwenye valvu na hedi. Mambo mawili, yote ya mfungaji. Themostati haikuhusika hata kidogo, ndiyo iliyobebeshwa msalaba.

Kama unaishuku, ipime. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, weka jikoni. Joto la kufunguka limechongwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82 au 88 za Selsiasi. Ikianza kufunguka karibu na hapo, irudishe. Ikigoma, nunua mpya yenye namba ileile. Dakika ishirini hizo, na huhitaji ruhusa ya fundi.

Rejeta kubwa? Labda, ila usinunue chochote kabla hujashusha ridyusa, hujatoa hewa yote na hujaangalia kifuniko cha rejeta. Maji ya kawaida yakibanwa na kifuniko cha bar 1 hayachemki hadi kama nyuzi 120. Kifuniko kikichoka yanachemka kwa 100. Feni na plagi tuziache leo, nilishapandwa na hasira.

Kesho asubuhi kabla fundi hajafika, piga picha ridyusa ilipofungwa, rejeta ionekane pembeni, uiweke hapa tuone ipi iko juu. Na kama themostati ameshaitoa, mwambie airudishe ukiwa umesimama pale pale.