Adimu, anayetoweka au aliyetoweka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natembeza wageni Milima ya Taita, tunataka kuweka kibao cha apalisi wa Taita. Mwenzangu anasema tuandike "ndege aliyetoweka", mimi nasema "ndege adimu". Ipi sawa? Na yule apalisi mwingine mwenye mkanda shingoni, naye tumwiteje?

Jibu: Marahaba. "Aliyetoweka" futeni leo leo, maana hapo mnasema kazi imeisha na ndege hayupo tena duniani, wakati bado anaimba kwenye misitu ya Ngangao na Vuria huko kwenu. Akikosekana kwenye msitu mmoja tu basi utajeni huo msitu, "ametoweka katika msitu fulani", hapo sawa.

"Adimu" si kosa ila ni neno dogo kwa huyu ndege. Adimu ni kitu kinachopatikana kwa shida, hata sukari huwa adimu dukani na kesho ikaja lori ikajaa tele, sasa apalisi wa Taita hana lori, anaishi kwenye milima hiyo yenu tu na sehemu kubwa mno ya msitu wa asili ilishafyekwa kwa mashamba na miti ya kupandwa, amebaki kwenye vipande vipande na makadirio ya idadi yake hayafiki hata elfu moja. Orodha Nyekundu ya IUCN, ile ya kimataifa inayopima viumbe wako hatarini kiasi gani kutoweka, imemweka daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Kwa hiyo andikeni "yuko hatarini kabisa kutoweka". "Anatoweka" pia inakubalika, -na- inaonyesha jambo linaendelea.

Halafu jamani, "hatarini ya kutoweka" naiona kila mahali na inaniuma. Ukishaweka -ni mwishoni, hiyo "ya" haina pa kushika. Sema "hatarini kutoweka" au "katika hatari ya kutoweka", basi.

Huyo wa mkanda ni ndugu wa karibu kabisa, zamani wataalamu walikuwa wanawahesabu ni spishi moja, ila wa kwenu koo lote jeusi na huyu koo jeupe lenye mkanda mweusi chini yake. Yeye ametapakaa kuanzia Afrika Mashariki mpaka Afrika Kusini, huko anaingia hata bustani za watu, na kwenye Orodha hiyo hana shida. Msimwite adimu. Mgeni akilalamika hajamwona kwa sababu kajificha vichakani, mwambieni "ni nadra kumwona hapa", maana nadra inasema ni mara ngapi unamwona, haisemi wamebaki wangapi.